Neno Nililoliruka

Kuna maneno mawili ya Kitaliano ambayo nimeishi nayo kwa zaidi ya miaka sitini, nami Kitaliano sikijui. Maneno yenyewe ni del credere. Katika Kiingereza cha sheria na cha biashara hutumiwa kama neno moja, na hutumiwa kwa nadra sana, hata nimekutana na mawakili waliostaafu bila ya kuliona katika faili zao. Mimi nililiona mara ya kwanza mwaka 1958, nikiwa na umri wa miaka 13, katika barua iliyopigwa taipu, barazani kwa ami yangu, Mji wa Kale, Mombasa. Nililiona, sikulijua, nikaliruka. Kuruka kule kuligharimu shamba la minazi.

Ami yangu alikuwa mfanyabiashara mdogo, wa kati ya bohari na duka. Alichukua majora ya marekani, leso, sufuria, majembe na taa kutoka kwa wenye bohari wa Mombasa, akayapeleka kwa wenye maduka wa Malindi, Witu, Kipini, Garsen na vijiji vya ukingoni mwa mto Tana. Kazi yake yote ilikwenda kwa njia ambayo watu wa pwani wanaijua sana, nayo ni mali kauli. Msomaji asiyeijua nitamweleza kwa ufupi. Mwenye mali anakupa mali bila ya fedha. Anachochukua kwako ni kauli yako tu. Unakwenda kuuza, ukishauza unamletea chake, na ziada ni yako. Isipouzika, unairudisha. Hakuna karatasi, na kama ipo ni kipande tu cha kukumbushana hesabu. Mwenye mali akimwona mtu hana kauli, hampi tena, na habari hiyo haikawii kufika kila bohari mjini.

Ami alisoma chuoni, akaandika Kiswahili kwa hati za Kiarabu, na hesabu alizifanya kichwani upesi kuliko karani yeyote. Kiingereza hakukijua. Kiingereza cha nyumba kilikuwa mimi. Nilikuwa darasa la saba, nimesifiwa na walimu, na kila barua yenye stempu ya serikali au ya kampuni iliyoingia katika ukoo wetu ilisomwa na mimi, watu wazima wamenizunguka na vikombe vya kahawa mikononi. Sitaficha kwamba nililipenda jambo hilo.

Barua ya 1958 ilitoka kwa kampuni moja ya kigeni yenye bohari kubwa mjini. Sitaitaja, na waliokuwa wakubwa wake wote wameshakufa. Ilitaka kumfanya ami yangu wakala wake wa maduka ya kaskazini. Ilisema kwamba atapata kamisheni ya asilimia 5 ya mauzo, na asilimia 2 zaidi kwa del credere. Nilikuwa nikifasiri sentensi baada ya sentensi, na nilipofika hapo nikasita. Neno sikulijua. Lakini nilikuwa nimeliona neno la Kiingereza la mkopo likiwa limeandikwa kwenye kibao cha duka moja, nalo lilifanana nalo kidogo. Nikakata shauri papo hapo. Nikasema, “Asilimia mbili hizi wanakuongeza kwa sababu utauza kwa mkopo.”

Ami akacheka, akasema, “Alhamdulillahi. Kumbe Wazungu nao wanaijua mali kauli.”

Siku ya tatu akatia sahihi.

Kwa miaka mitatu mambo yalikwenda vizuri. Aliuza mali ya shilingi 90,000 hivi, zile za Afrika Mashariki. Kamisheni yake ya kawaida ilikuwa shilingi 4,500, na ile nyongeza ya asilimia 2 ilimpa shilingi 1,800. Kisha ikaja mvua ya mwisho wa mwaka 1961. Waliokuwapo wanaikumbuka: ilinyesha Afrika Mashariki nzima, na mto Tana ukatoka kitandani mwake, ukaingia vijijini. Maduka ya udongo hayashindani na maji. Majora yalioza, sukari ikayeyuka, wenye maduka wakabaki na funguo za milango isiyokuwapo. Walikuwa na deni la shilingi 11,400 kwa mali iliyopitia mikononi mwa ami.

Ami alikwenda kuwapa pole, akarudi Mombasa kuwaeleza wenye mali msiba uliotokea, kama afanyavyo mtu wa mali kauli. Alikuta wamekwisha andika barua. Nami niliisoma. Ilisema kwamba shilingi 11,400 zinadaiwa kwake yeye, si kwa wenye maduka. Akaenda kwa wakili. Wakili aliusoma mkataba, akaweka kidole juu ya lile neno, akasema kwamba maana yake ni kuwa umewadhamini wote uliowauzia. Wasipoweza kulipa, walipa wewe. Na zile asilimia 2 ndizo ulizolipwa kwa kubeba mzigo huo.

Shamba la minazi la Kisauni likauzwa shilingi 7,000. Dhahabu ya mkewe, niliyekuwa nikimwita mama, ikauzwa 1,900. Shilingi 2,500 zilizobaki alizilipa kidogo kidogo kwa miaka miwili. Katika muda wote huo hakuniuliza juu ya barua ile ya kwanza, nami sikumwambia kitu. Nilikuwa nimelijua kosa langu tangu siku aliporudi kwa wakili, lakini kijana wa miaka 16 aliyezoea kusifiwa hajui pa kuanzia.

Baadaye nikawa mkalimani wa mahakama. Watu hunidhania kwamba niliipenda kazi hiyo kwa sababu ya lugha. Niliipenda kwa sababu ndani yake hairuhusiwi kuruka neno. Mwaka 1972, katika maktaba ndogo ya majaji, nilifungua kamusi ya sheria nikaenda moja kwa moja kwenye herufi D. Tangu hapo, kila nilipopata kitabu kilichogusa habari hii, nilikisoma. Ninayoandika hapa chini ni niliyoyaokota kwa miaka mingi.

Kwa Kitaliano msemo kamili ni star del credere. Star ni kusimama, na credere ni kuamini. Ni neno lile lile la Kilatini ambalo kwalo Wakatoliki huianza imani yao, Credo, yaani Nasadiki. Basi mtu wa del credere ni mtu anayesimama kwa ajili ya imani. Mwenye mali anamwamini mnunuzi asiyemjua, na wakala anasimama nyuma ya imani hiyo.

Kwa nini wafanyabiashara walihitaji neno la namna hii? Tuwatazame Wataliano wa karne ya 14. Walikuwa na mali nyingi na njia ndefu. Francesco Datini wa mji wa Prato, aliyefariki mwaka 1410, aliacha barua zipatazo 150,000 na madaftari mamia, ambayo yaligunduliwa mwaka 1870 yakiwa yamehifadhiwa katika nyumba yake. Mtu haandikiani barua 150,000 isipokuwa kwa sababu moja, kwamba mali yake iko machoni mwa watu wengine. Alikuwa na watu wake Avignon, Barcelona, Valencia na Majorca. Yeye amekaa Tuscany, sufi iko Hispania, na mnunuzi ni mtu ambaye hatamwona maisha yake yote.

Mwenye mali wa namna hiyo ana hofu mbili. Ya kwanza ni kwamba wakala wake ni mwizi. Hiyo dawa yake ni kuchagua ndugu au mtu wa mji wako. Hofu ya pili ni ngumu zaidi. Wakala ni mwaminifu kabisa, lakini anauza mali kwa mtu asiyeweza kulipa. Wakala hulipwa kwa kadiri ya mauzo, kwa hiyo kila mnunuzi kwake ni mnunuzi mwema. Naye ndiye aliye mjini. Ndiye anayejua nani ana nyumba na nani ana maneno tu, nani alioza binti yake kwa mkopo na nani anakaribia kukimbia usiku. Mwenye mali hajui lolote katika hayo. Ndipo anapomwambia wakala: nitakuongezea kamisheni, lakini yule utakayemwamini wewe, imani hiyo iwe juu ya shingo yako. Kwa njia hiyo wakala hufungua macho kabla ya kufungua bohari.

Nalisema hili kwa makusudi, kwa sababu kwa miaka mingi nililichukia neno lenyewe kana kwamba lilibuniwa kwa kuwadhulumu watu wa Kisauni. Haikuwa hivyo. Lilikuwa dawa nzuri ya ugonjwa wa kweli. Wataliano walijua maumivu ya kumwamini mtu asiyelipa. Nyumba mbili kubwa za fedha za Florence, Peruzzi na Bardi, zilianguka katika miaka ya 1340, na moja ya sababu zake ni kwamba zilikuwa zimemkopesha Edward wa Tatu, Mfalme wa Uingereza, kwa ajili ya vita vyake na Ufaransa, naye hakulipa. Kama mfalme mwenye taji anaweza kukosa kulipa, mwenye duka je? Wahenga wetu walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Wataliano walikuwa kwenye matanga mara nyingi kuliko sisi, wakayawekea kanuni.

Pia walizipa lugha nyingine maneno ya fedha. Benki tunayoitaja sisi kila siku tuliipata kwa Waingereza, nao asili yake waliipata kwa Wataliano, kwa banco, yaani benchi au meza ya mbadili fedha. Neno la Kiingereza la kufilisika linatokana na banca rotta, benchi iliyovunjika. Mtaa wa mabenki wa London unaitwa Lombard Street mpaka leo kwa sababu ya watu wa kaskazini mwa Italia waliokaa hapo.

Lakini Wataliano nao walikuwa wakopaji. Walifanya biashara na Waarabu wa Misri na Shamu, wakarudi na maneno yao. Orodha ya ushuru waliiita tariffa, nalo ni neno la Kiarabu ambalo kwetu ni taarifa. Forodha yao ni dogana, ambayo ni ndugu wa diwani yetu. Ghala lao ni magazzino, ambalo shina lake ndilo shina la hazina. Nilipoyajua haya nilihisi ajabu. Mvulana wa Mombasa aliyeshindwa na neno moja la Kitaliano alikuwa na maneno mengine ya ukoo huo huo mdomoni mwake tangu utotoni. Lile moja tu, credere, ndilo halikuwa na jamaa kwetu. Sisi tuna amini, imani, amana na mwaminifu, na yote yalitujia kwa njia nyingine.

Kwa Waingereza neno liliingia kupitia biashara ya London, ambako mawakala na madalali wa bima walilitumia bila ya kulifasiri. Wafaransa walilifasiri, wakasema ducroire. Waingereza walilichukua zima zima kama mtu anayebeba kasha bila ya kulifungua, na matokeo yake ni kwamba majaji wao wenyewe walilazimika kuuliza ndani mna nini.

Wa kwanza mkubwa kuuliza alikuwa Lord Mansfield, Jaji Mkuu wa mahakama ya King's Bench tangu 1756 hadi 1788, ambaye watu wa sheria humhesabu kuwa ndiye aliyezifungulia desturi za wafanyabiashara mlango wa kuingia mahakamani. Mwaka 1786, katika kesi ya Grove na Dubois, iliyohusu dalali wa bima, alisema kwamba kesi nzima inasimama juu ya maana ya kamisheni ya del credere. Akaamua kwamba ni ahadi kamili ya dalali kwa mwenye mali, nayo inamfanya adaiwe yeye tangu mwanzo, bila ya kumngoja mwingine. Miaka 30 baadaye, mwaka 1816, katika kesi ya Morris na Cleasby, Lord Ellenborough aliona mambo kwa jicho jingine. Wakala wa namna hii ni mdhamini. Mdaiwa wa kwanza ni mnunuzi, na wakala hudaiwa pale tu mnunuzi anaposhindwa. Rai hii ya pili ndiyo iliyoshinda.

Sasa kama ni mdhamini, likazuka swali jingine. Uingereza ilikuwa na sheria ya mwaka 1677 ya kuzuia udanganyifu, ambayo ilisema kwamba mtu hawezi kushtakiwa kwa ahadi ya kulipa deni la mwingine mpaka ahadi hiyo iwe imeandikwa na kutiwa sahihi. Ni sheria yenye huruma. Inajua kwamba mtu akiwa na rafiki yake mwenye shida husema maneno ambayo asubuhi huyajutia. Je, wakala wa del credere naye analindwa na sheria hiyo?

Jibu lilikuja kwa shehena ya mahindi. Mapema mwaka 1848 meli ilipakia mahindi bandarini Salonica kwenda Uingereza. Njiani mahindi yakapata joto, yakaanza kuharibika, na nahodha akayauza Tunis kwa kuwa hayawezi kufika. London hakuna aliyejua. Tarehe 15 Mei wakala wa del credere aliiuza shehena ile ile kwa mnunuzi wa London. Mnunuzi alipopata habari alikataa kulipa, na wenye mahindi wakamgeukia wakala. Hiyo ndiyo kesi ya Couturier na Hastie, ambayo kila mwanafunzi wa sheria aliyefuata mfumo wa Kiingereza huisoma, kwa sababu mwisho wake, mwaka 1856, Mabwana wa Bunge la Juu waliamua kwamba mnunuzi hadaiwi, maana vitu vilivyouzwa havikuwapo tena. Kwa hiyo na wakala akapona. Lakini njiani, mwaka 1852, mahakama ya chini ilisema jambo ambalo wanafunzi hulipita haraka: kwamba ahadi ya del credere haihitaji maandishi. Hoja yao ni kwamba wakala huyu hakuja kulipa deni la mtu kwa hisani. Anafanya kazi yake mwenyewe, analipwa zaidi ili auze kwa uangalifu zaidi, na kudhamini ni tokeo tu la kazi hiyo. Basi huruma ya mwaka 1677 haimfikii.

Sheria hiyo ya maandishi ilifika kwetu. Kenya ilikuwa ikifuata Sheria ya Mikataba ya India ya mwaka 1872, na mwaka 1961 ikaiacha na kushika ya Kiingereza. Kifungu cha 3 cha sheria yetu kinakariri yale ya 1677, kwamba hushtakiwi kwa deni la mwenzio mpaka pawe na maandishi. Nilipokisoma nilitabasamu kwa uchungu, kwani mwaka ni ule ule wa mafuriko. Ami yangu hakingemsaidia kitu. Alikuwa na maandishi, tena yenye sahihi yake. Usiandikie mate na wino ungalipo, hivyo ndivyo tulivyofundishwa. Lakini wino nao humfunga yule aliyeutumia bila ya kuujua.

Palikuwa na mlango mmoja zaidi ambao niliutazama kwa miaka mingi. Mwaka 1914, katika kesi ya wauza mbao wa London, Mahakama ya Rufani ya Uingereza iliuweka mpaka. Wakala wa del credere hulipa mnunuzi anapokuwa hana uwezo, au kwa sababu iliyo mfano wa hiyo. Hawajibiki kwa ugomvi kati ya mwenye mali na mnunuzi, kwamba mbao ni mbovu au mkataba umevunjwa. Nikajiuliza, je, mafuriko ni ugomvi au ni kukosa uwezo? Kila nilivyoligeuza, jibu ni moja. Wenye maduka wa Tana hawakubishana na mtu. Walikubali deni lao, na hawakuwa na kitu. Hilo ndilo hasa del credere lililoundwa kulibeba.

Siku hizi kazi ya neno hili imechukuliwa na wengine. Benki hutoa hati za dhamana, na kampuni za bima huuza bima ya madeni. Uingereza ilianzisha idara ya serikali ya kuwadhamini wauzaji wa nje mwaka 1919. Ubelgiji shirika lake la kazi hiyo liliitwa kwa miaka mingi Delcredere kwa Kiholanzi na Ducroire kwa Kifaransa, kisha likajiita Credendo. Hata Nairobi, tangu 2001, pana shirika la nchi za Kiafrika linalokinga biashara dhidi ya hasara za namna hiyo. Tofauti ni kubwa. Bima hukusanya kidogo kidogo kwa wengi, na mto ukifurika hulipa kutoka katika mfuko wa wote. Ami yangu alikuwa kampuni ya bima ya mtu mmoja. Alipokea shilingi 1,800 kwa miaka mitatu, akalipa 11,400 kwa mvua ya msimu mmoja.

Lililonigusa kuliko yote nililipata nikiwa nimekwisha staafu. Italia yenyewe, mama wa neno hili, imelifunga kamba. Sheria yao ya madai ya mwaka 1942 ililiruhusu, kwa sharti kwamba anayesimama alipwe zaidi. Lakini kwa sheria ya Desemba 1999 walikataza mkataba unaomtwika wakala hasara ya wanunuzi wasiolipa, hata sehemu yake. Waliacha nafasi ndogo tu. Pande mbili zikubaliane mara kwa mara juu ya biashara moja moja, yenye sifa na kiasi maalumu. Dhamana isizidi kamisheni ambayo wakala angeipata katika biashara hiyo. Na alipwe ujira wa pekee kwa ajili yake. Nilikaa na kalamu nikapiga hesabu. Kwa kanuni hiyo, ami asingepoteza zaidi ya kamisheni ya ile mali isiyolipwa. Shamba lingebaki.

Sheria ya Italia haikuwa sheria ya Mombasa, na 1999 si 1958. Lakini nilifurahi kujua kwamba wenye neno lao, baada ya karne nyingi za kulitumia, waliona jambo lile ambalo sisi tuliliona mtoni. Mwenye bohari hueneza hasara yake juu ya mawakala kumi. Wakala ana shamba moja.

Mwaka 1979 nilimwambia. Tulikuwa barazani pale pale, yeye ameshakuwa mzee, macho yake yameanza ukungu. Nikamwambia, “Ami, barua ile ya kwanza, pana neno sikulijua. Nilikisia.” Akanyamaza kidogo. Nilidhani hakumbuki. Kisha akasema, “Nilikuona uliposita. Nikajiambia, mtoto anatafuta Kiswahili chake.” Baada ya muda akaongeza, “Ningekuuliza. Lakini nilikuwa naitaka ile asilimia mbili.”

Nimeyawaza sana maneno hayo. Alikuwa akinipunguzia mzigo, kama walivyo wazee, lakini sidhani alisema uongo. Tuliruka wawili. Mimi niliogopa kuonekana sijui, na yeye aliogopa kujua.

Alifariki mwaka 1984. Mwanawe alinipa daftari lake la mauzo ya Tana, kwa kuwa ndimi niliyeweza kusoma hati zake. Kuna majina 11 ya wenye maduka waliodaiwa mwaka 1961. Kisheria, ami alipokwisha kulipa alikuwa na haki ya kuwadai wao, hata mahakamani. Hakumshtaki hata mmoja. Lakini mbele ya majina kuna maandishi ya miaka iliyofuata, kwa wino wa rangi mbalimbali. Mmoja alileta mbuzi wawili mwaka 1963. Mwingine gunia la mchele wa Tana, tena gunia, tena nusu gunia. Mwingine alituma samli kwa mkono wa dereva wa basi kila mwaka hadi 1971. Majina saba yamepigwa mstari na kuandikwa amelipa. Nilipojaribu kujumlisha thamani, haikufika nusu ya deni. Nadhani yeye na wao walikuwa na hesabu nyingine. Mbele ya majina manne yaliyobaki ameandika amekufa, na chini yake, nimesamehe.

Wale watu hawakuwa na mkataba na ami. Mkataba ulikuwa kati yake na kampuni, na kampuni ilikwisha pata chake chote. Walichokuwa nacho na ami ilikuwa kauli. Juu ya ukurasa huo, mahali ambapo kurasa nyingine zina jina la kampuni, ameandika mali kauli. Ni kama nilivyomfasiria.

Basi, msomaji wangu, ikiwa wewe ndiwe Kiingereza cha nyumba yenu, au Kiarabu chake, au ndiwe unayejua simu na kompyuta zinazowashinda wazee, siku moja utafika kwenye neno usilolijua na watu wamekutegea masikio. Sita, na useme hili silijui. Kahawa itapoa kidogo, na mtu atatumwa kwenda kuuliza.